Mafuta na Hukumu ya Kuhodhi

Ndugu zetu, hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim yatufunza kwamba mwenye kuhodhi bidhaa ni mkosa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameihusisha hukumu hii na vyakula. Je, mafuta ya gari yamo?

Tutazame Kitale na Bungoma. Mafuta hushushwa hapa Mombasa, yakapita bombani hadi Eldoret au Kisumu, kisha yakachukuliwa kwa malori; ndiyo sababu bei ya huko huipita yetu. Mwendesha bodaboda aliyekodi pikipiki humpa mwenyewe kiasi kile kile kila jioni, mafuta yapande yasipande. Kipunguacho ni kitoweo cha wanawe.

Serikali hutangaza ukomo wa bei tarehe 14 ya kila mwezi. Muuzaji atarajiaye kupanda kwa bei huweza kuifunga pampu siku mbili tatu kabla, ilhali tangi limejaa. (Si kila pampu kavu ni hila: katika uhaba wa Aprili 2022, Serikali ilikuwa imechelewa kuyalipa makampuni ruzuku yao.)

Atasema mtu, mafuta hayaliwi. Lakini Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kila kitu ambacho kuzuiwa kwake kwawadhuru watu kimo katika ihtikari. Nasi twaielemea kauli hiyo, kwani kinu cha dizeli kikisimama Bungoma hapana unga, na mahindi ya Kitale hayaji Pwani kwa miguu. Ama kusema "yamekwisha" nayo yapo, huo ni uongo wa biashara kwa madhehebu yote.