Kubadilisha Beringi za Magurudumu Nyumbani: Mwongozo kwa Wamiliki na Madereva

Mwongozo huu ni wa mmiliki au dereva ambaye gari ndilo kazi yake: mwenye pikapu ya mizigo, Hiace ya abiria au tela la kusombea mazao. Unaeleza jinsi ya kubadilisha beringi za magurudumu ya mbele kwa vifaa vya kawaida. Unaeleza pia ni wapi kazi hii inapaswa kuachwa kwa gereji yenye mashine.

Beringi nyingi huharibika kabla ya wakati wake. Huharibiwa na maji ya madimbwi yanayopenya kwenye sili iliyochoka, na mchanga unaoingia mtu anapozifunga, na grisi iliyokauka, na nati iliyokazwa kupita kiasi. Kwa hiyo usafi na ukazaji ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Nguvu za mikono ni jambo la mwisho.

1. Hakikisha ugonjwa ni beringi

Beringi mbovu hutoa mngurumo mzito unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na haubadiliki unapobadilisha gia. Sikiliza unapokata kona ndefu. Ukikata kushoto, uzito wa gari huhamia kulia, hivyo mngurumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Ukikata kulia ukazidi, shuku ya kushoto.

Kisha nyanyua gurudumu, likamate juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukitoweka, tatizo liko kwenye beringi. Ukibaki, angalia boli jointi na viungo vingine vya chini. Mchezo unaoonekana tu unaposhika kushoto na kulia mara nyingi hutokana na tairodi.

Mwisho, zungusha gurudumu kwa mkono ukiwa umegusa springi. Beringi iliyoliwa husikika ikikwaruza, na mtetemo wake hufika kwenye vidole.

2. Tambua aina ya beringi

Zipo aina tatu za kawaida:

a) Beringi mbili za rola za mshazari katika kila habu, ndogo nje na kubwa ndani. Hupatikana mbele kwenye Hilux na Hiace za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwenye Peugeot 504 na kwenye matela mengi. Hizi zinaweza kubadilishwa nyumbani.

b) Habu kamili yenye beringi ndani yake, inayofungwa kwa bolti. Iko nyuma ya magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Hii pia inawezekana nyumbani, ila usivute wala kukata waya wa sensa ya ABS.

c) Beringi iliyofungwa iliyopresiwa ndani ya nako, kama ilivyo mbele kwenye Corolla nyingi. Usiitoe kwa nyundo, kwa sababu inahitaji mashine ya kupresi. Nati ya shafti yake pia hutaka nguvu kubwa yenye kipimo: kwenye Corolla nyingi za miaka ya 2000 ni 216 Nm. Mpelekee fundi.

Hatua zinazofuata ni za aina ya kwanza.

3. Nunua vipuri sahihi

Nunua beringi ya ndani, ya nje, sili mpya na spiliti pini mpya. Namba ya beringi imechorwa kwenye ringi yake, kwa hiyo ikiwezekana nenda dukani na ya zamani mkononi. Katika namba kama 30206, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu: milimita 30. Hesabu hii hukusaidia kugundua haraka ukipewa isiyofaa, lakini lazima namba yote ilingane.

Beringi bandia ni nyingi. Kagua maandishi kwenye ringi na kwenye boksi, na usikubali ambayo imeshafunguliwa na kupakwa grisi. Kwa beringi za SKF, kampuni ina programu ya simu iitwayo SKF Authenticate ya kusaidia kutambua bandia.

Nunua grisi ya beringi za magurudumu inayostahimili joto, daraja la NLGI 2. Usiichanganye na iliyobaki ndani, maana grisi za aina tofauti zinaweza kukataana na kuyeyuka.

4. Usalama kwanza

- Egesha mahali palipo tambarare na pagumu. Vuta hendibreki na uweke vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu yaliyobaki chini.
- Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, ndipo unyanyue.
- Baada ya kunyanyua, weka stendi za jeki chini ya fremu. Usifanye kazi gari likishikiliwa na jeki peke yake, na usitumie matofali, kwa sababu hupasuka ghafla.
- Vaa miwani ya kazi unapogonga chuma.
- Usipulize vumbi la breki kwa hewa. Lifute kwa kitambaa chenye maji.
- Osha vipuri kwa mafuta ya taa au dizeli, mbali na moto. Petroli ni hatari.

5. Kufungua

1. Toa gurudumu. Fungua bolti mbili za kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wa breki.
2. Toa kifuniko cha grisi, nyoosha spiliti pini na uitoe, kisha ondoa kofia ya nati, nati na washa.
3. Vuta habu kidogo mbele, usukume nyuma. Beringi ya nje itajitokeza. Ipokee kwa mkono, kisha toa habu pamoja na diski.
4. Ng'oa sili ya nyuma na utoe beringi ya ndani.
5. Futa grisi yote ya zamani. Kagua ekseli. Ikiwa imegeuka rangi ya bluu au ina mikwaruzo mirefu, beringi ilizunguka juu yake na kazi inapaswa kusimama hapo. Ekseli hiyo inahitaji fundi.

6. Kubadilisha ringi za nje

Beringi na ringi yake ya nje ni jozi. Usiweke rola mpya kwenye ringi ya zamani, hata kama inaonekana safi.

Ndani ya habu kuna nafasi ndogo ambapo ukingo wa ringi unaonekana. Gonga hapo kwa kipande cha shaba, ukihama upande huu na ule ili ringi isikwame mshazari. Ukiingiza mpya, tumia ringi ya zamani kama kisukumio. Endelea mpaka sauti ya nyundo ibadilike kutoka laini kuwa kavu. Hapo ringi imefika mwisho wake.

Kanuni ni moja: sukuma ringi ile unayoifunga. Nguvu ikipita kwenye rola, beringi huumia kabla haijatembea hata kilomita moja.

7. Grisi

Nawa mikono. Weka grisi kwenye kiganja, kisha sukuma ukingo mpana wa beringi ndani yake mpaka grisi itokeze upande wa pili, katikati ya rola zote. Kupaka juu tu hakutoshi. Paka tabaka ndani ya habu, lakini usiijaze, kwa kuwa grisi ikizidi hupata joto na kutafuta njia ya kutokea kwenye breki. Weka beringi ya ndani mahali pake kwenye habu. Paka grisi kidogo kwenye mdomo wa sili, kisha igonge polepole ikae sawa. Futa diski isibaki hata alama ya kidole.

8. Ukazaji

Rudisha habu, beringi ya nje, washa na nati. Kaza nati kwa spana huku ukizungusha habu pande zote mbili mara kadhaa, ili rola zikae mahali pake. Legeza mpaka nati izunguke kwa vidole. Kisha kaza tena taratibu mpaka mchezo uishe, huku habu ikizunguka bila kukwama. Kitabu cha gari kikitoa kipimo cha mizani ya springi inayofungwa kwenye bolti ya gurudumu, kifuate.

Nati ikibana sana, beringi huungua. Ikilegea sana, gurudumu hucheza na rola kugongana. Weka kofia ya nati na spiliti pini mpya, kisha ikunje. Spiliti pini ya zamani haitumiki tena, na msumari si mbadala wake.

9. Kabla ya kurudi barabarani

Funga kalipa na gurudumu. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu huenda pistoni zilirudi nyuma. Kaza nati za gurudumu kwa mpangilio wa kukabiliana gari likiwa limeshuka chini.

Endesha kilomita chache bila mzigo, usimame, uguse habu ya kulia na ya kushoto. Uvuguvugu ni wa kawaida. Moja ikiwa na joto lisiloshikika wakati nyingine ni baridi, nyanyua gari na urekebishe upya. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za gurudumu na utikise gurudumu kuangalia mchezo.

Andika kwenye daftari la gari tarehe, kilomita na namba za beringi ulizoweka. Ukivuka maji ya kina yaliyofika kwenye habu, fungua na ukague grisi mapema. Grisi iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji, ioshe na uweke mpya.

Gari lenye gurudumu linalocheza au linalonguruma lisibebe abiria wala mzigo, hata kwa safari ya mwisho ya siku. Hasara ya siku moja bila kazi hulipika. Gurudumu likichomoka barabarani, wanaolipia ni watu waliokuamini.