Stenti ya Moyo na Safari ya Kurejea Ngara na Biharamulo

Mgonjwa wa wilaya zetu aliyezibwa mshipa wa moyo, akiisha kupita Murgwanza, Rulenge au hospitali ya Biharamulo, na pengine Bugando kule Mwanza, huweza kufikishwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako tabibu hupenyeza mrija mwembamba kutokea kifundo cha mkono au kinena hadi moyoni, akautanua mshipa kwa puto, kisha akaacha humo kijiwavu cha chuma kiitwacho stenti.

Madhara yatukiayo mezani pa matibabu yana wenyewe, ndio matabibu: mshipa ukichanika huongezwa stenti nyingine, ukitoboka, puto huvimbishwa papo hapo kuzuia damu, na ile iliyokwisha kuuzingira moyo hufyonzwa kwa sindano. Wajibu wa mgonjwa ni kusema mapema, bila kuona haya, iwapo ana sukari au maradhi ya figo, au iwapo dawa fulani ilipata kumvimbisha uso.

Khatari ituhusuyo sisi zaidi ni ile ipandayo naye basi la kurudi nyumbani. Tundu la kinena likifumuka damu kabla ya kufika Nyakanazi, na alazwe chali, hata ikiwa ni katika ujia wa basi, jamaa yake akandamize kwa nguvu juu ya tundu lenyewe, asiinue mkono kuchungulia kwa muda wa dakika 10 kamili, ilhali dereva anaelekea hospitali iliyo karibu.

Akisha kufika nyumbani, amani yake imo katika aspirini na klopidogreli, zizuiazo damu kuganda ndani ya stenti. Hii ya pili aghalabu hunywewa miezi 6 hadi 12, na aspirini huendelea. Wengi hujiona wazima wakaziacha, au vidonge huisha wakangoja mavuno ya kahawa, nao mshipa huziba ghafula, khasa katika mwezi wa kwanza. Hata mng'oa jino asimwachishe dawa hizi kabla ya kumuuliza tabibu wa moyo. Wala mgonjwa asijinunulie diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo uliochoshwa na jembe.

Kifua kikibana, asingoje kupambazuke, wala asifunge safari ya Dar es Salaam: aende hima hospitali iliyo jirani, akapimwe umeme wa moyo, na cheti chenye tarehe ya stenti kiwe mfukoni mwake, si sandukuni chini ya nguo.