SOMO: MAPATANO YA MAJIRANI YAPITAYO KANDO YA MILIMA YA VIDUNDA

Watu wakaao Vidunda, katika wilaya ya Kilosa, wamezungukwa na kazi zilizojengwa kwa mapatano ya mataifa, wala si wengi wetu tunaofikiri habari zake. Upande wa Mikumi yapita barabara kuu iendayo Zambia, na bomba la mafuta lifuatalo njia hiyo. Upande wa kusini, penye mto Ruaha Mkuu, pana Kidatu, yenye bwawa la umeme na kituo cha reli ya TAZARA. Katika somo hili twataka kuuliza: kazi hizi zilikujaje, nazo zatufundisha nini juu ya nchi zinazopakana?

1. Shida ya jirani

Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Ni nchi isiyo na bahari. Mali yake kubwa ni shaba, na siku zile shaba ile ilisafirishwa kwa reli ipitayo Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe. Hata mafuta ya petroli yalitoka upande huo. Basi tarehe 11 Novemba 1965 Wazungu wachache wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe, ili wenyeji walio wengi wasipate kutawala. Uingereza ilipoizuilia Rhodesia mafuta, Zambia nayo ilifungiwa njia. Ikawa kama mtu ambaye mlango wake wa pekee umo katika ua wa adui yake.

Hapo Tanzania ilifungua mlango wake. Malori yalichukua mapipa ya mafuta toka Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Mikumi na Iringa, na wakati wa kurudi yakaleta shaba. Barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Wakati wa mvua malori yalikwama na mengine kupinduka. Tanzania yenyewe haikuwa tajiri. Lakini tuangalie neno hili: jirani hakungojwa mpaka sisi tutosheke kwanza.

2. Mzigo uliogawanywa

Msaada wa siku moja hautoshi, maana shida nayo haikuwa ya siku moja. Kwa hiyo nchi mbili zilifanya kazi za kudumu. Ya kwanza ni bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, toka Dar es Salaam mpaka Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968. Zambia yamiliki sehemu mbili katika tatu, na Tanzania sehemu moja. Maana atumiaye zaidi alitoa zaidi.

Ya pili ni reli. Mataifa ya magharibi na Benki ya Dunia walikataa kuigharimia, wakisema kwamba haitaleta faida. Rais Nyerere na Rais Kaunda hawakukata tamaa. Mwezi wa Septemba 1967 mapatano yalitiwa sahihi mjini Beijing, na China ikatoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Urefu wake ni kilometa 1,860, toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Nchi mbili ziliimiliki nusu kwa nusu. Wafanya kazi wa Tanzania, Zambia na China walitoboa milima na kujenga madaraja pamoja, na wengine walikufa katika kazi hiyo.

3. Maji na umeme

Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, likaongezwa mwaka 1980, na nguvu yake ni megawati 204. Mitambo yake imo ndani ya mwamba, chini ya ardhi. Lakini maji hayaumbwi na mitambo. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya mabwawa, na umeme ukawa wa mgawo nchini mwetu. Zambia nayo, mwaka 2024, ilipata ukame mkuu. Maji ya Kariba yalipungua, na watu wakakaa saa nyingi gizani.

Kwa sababu hiyo nchi zetu zinaunganisha nyaya zao, ili aliyekosa mvua asaidiwe na aliyeipata. Mwaka 2024 njia ya umeme ya kilovolti 400 iliunganisha Kenya na Tanzania. Katika maporomoko ya Rusumo, mto Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga mtambo wa megawati 80, ugawanywao sawasawa kwa nchi tatu. Tena maji yapitayo Kidatu hayaishii hapo. Huingia mto Rufiji, yakasaidia kuendesha bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115. Basi akataye msitu wa mlimani, au afungaye maji ya mto bila kiasi, asifikiri kwamba ajidhuru nafsi yake tu.

4. Watu wapitao

Mlango ukifunguliwa kwa mizigo, watu nao hupita. Katika mkoa wetu wa Morogoro, pale Mazimbu, vijana waliokimbia utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini walipewa shamba la zamani la mkonge. Wakajenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Mwaka 1992, walipokuwa wakirudi kwao, waliyakabidhi majengo kwa serikali yetu, na leo vijana wetu husoma Chuo Kikuu mahali pale. Aliyekuja mikono mitupu aliacha shule.

Kule Tunduma na Nakonde, mwaka 2019 palifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Ni jambo dogo kulisoma, bali kwa dereva aliyelala mpakani siku nyingi ni jambo kubwa.

5. Utunzaji

Sasa yatupasa kusema kweli. TAZARA ilikusudiwa kuchukua mizigo mingi sana kwa mwaka. Lakini mwaka wa 2014/2015 haikufikia hata tani 90,000. Baada ya njia za kusini kufunguliwa tena, haja ilipungua, na pamoja na haja utunzaji nao ulipungua. Injini zilichakaa, mishahara ikachelewa, na mizigo ikahamia barabarani. Mwaka 2025 serikali mbili zilipatana na kampuni ya Kichina ili reli itengenezwe upya. Twafurahi, lakini tusisahau kwamba kilichojengwa kwa shida kilidhoofika wakati wa raha.

Pale Kidatu reli mbili hukutana. Ile itokayo Kilosa ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni kama vidole vinne tu, hata hivyo behewa la huku haliwezi kwenda kule. Kwa hiyo mwaka 1998 palifunguliwa mahali pa kuhamishia mizigo. Ndivyo ulivyo ujirani: hatufanani katika yote, wala hatulazimiki kufanana, lakini pasipo watu wa kupokea na kukabidhi kila siku, sahihi za wakubwa hazisogezi hata gunia moja.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini Tanzania ilimsaidia jirani yake kabla ya kutosheka yenyewe?
2. Ni nini kilichodhoofisha reli, ijapokuwa mapatano hayakuvunjwa?
3. Katika kijiji chetu, ni kazi gani ya pamoja tuliyoijenga wakati wa shida, nayo leo imeachwa bila mtunzaji?