SOMO: Chakula cha Pamoja Baada ya Ibada ya Mavuno



Zipo sharika ambazo kila kaya huleta chakula siku ya mavuno, wote wakala pamoja. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho (1 Kor. 11:20-22, 33) kwa kuwa wenye nacho walitangulia kula, na wasio nacho wakabaki na njaa na aibu. Basi chagueni chakula ambacho kila kaya inakimudu. Kwa Nambis na vijiji jirani makande yanafaa: mahindi na maharage hutoka shambani, hushibisha, na hakuna anayeaibika kwa kukosa nyama.

Maandalizi:

1. Chambueni mahindi. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, wala wasipewe mifugo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

2. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa moto mkali mpaka yaive kabisa. Maharage yasiyoiva huumiza tumbo.

3. Makande yaletwe yakiwa ya moto. Yakikaa zaidi ya saa mbili yakapoa, msiyagawe.

4. Maji na sabuni ya kunawa viwe tayari. Wazee, wajane na watoto wapakuliwe kwanza.

Majadiliano: Ni kaya gani mtaani kwenu haiji kwa sababu haina cha kuleta? Nani ataitembelea kabla ya siku hiyo?