MWANA HUTAZAMA KISOGO CHA NINA: Maradhi ya Misuli na Urithi

Leo ningependa kuwafafanulia maradhi ya Duchenne, ambayo hudhoofisha misuli ya wavulana. Nimechagua mada hii kwa sababu hapa kwetu, iwe Kitengela au Kajiado mjini, mtoto akishindwa kutembea, wengi humlaumu mama. Ati ni laana ya kwao, ati karogwa!

Jina hilo ni la daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, aliyeyaeleza maradhi haya miaka ya 1860. Dalili huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 5 hivi: huangukaanguka, hutembelea ncha za vidole, na akitaka kuinuka hujisukuma kwa mikono mapajani. Bila matibabu, wengi huhitaji kiti cha magurudumu wakikaribia miaka 12.

Chanzo ni nini? Mwaka wa 1987 wanasayansi waliitambua distrofini, protini inayokinga misuli. Jeni yake imo katika kromosomu X. Msichana ana X mbili. Moja ikiwa na kasoro, ile nyingine kwa kawaida humkinga. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Hiyo ikiharibika, hana akiba.

Basi mama aliyebeba jeni hiyo anaweza kuwa mzima kabisa, lakini kila mwanawe wa kiume ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuugua, na kila binti nafasi 1 kati ya 2 ya kuibeba. Ni kama kurusha sarafu: kila mimba hurushwa upya. Isitoshe, karibu thuluthi moja ya wagonjwa hawakurithi. Jeni ilibadilika yenyewe. Sasa mama ana kosa gani? Nani huchagua jeni za kumpa mtoto?

Tufanyeje basi? Mtoto apelekwe hospitali mapema. Kipimo cha damu huonyesha kama misuli inaharibika, na kipimo cha jeni huthibitisha. Dada zake wakishakuwa watu wazima, na mama zake wadogo pia, washauriwe kuhusu kupimwa kabla ya kuzaa. Dawa ya kuponya kabisa haijapatikana, lakini dawa za steroidi na mazoezi ya viungo huchelewesha udhaifu.

Wenzangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Tuache kutafuta mchawi, tutafute daktari.