KANO ZA GOTI ZIKATIKAPO

Watu wengi hudhani kuwa goti ni kama bawaba ya mlango. Lakini bawaba ina msumari wake wa chuma, na goti halina. Fupa la paja hukaa juu ya mfupa wa muundi, na vishikavyo mifupa hiyo isiachane ni kano nne: mbili za ubavuni, na mbili ndani kabisa, zilizopishana kama herufi X. Ile ya mbele katika hizo za ndani huuzuia muundi usiteleze kwenda mbele.

Kano hiyo mara nyingi hukatika bila mtu kupigwa teke. Mchezaji akimbiapo hugeuka ghafula. Mguu umekaza chini, mwili wazunguka. Pengine husikia mlio kama wa kijiti kivunjikacho, na kwa saa chache goti huvimba, kwa kuwa damu imevuja ndani yake.

Hapo ndipo madhara huongezwa. Watu huja na mafuta, goti likakandwa na kuvutwa ati lirudi mahali pake. Kano iliyokatika hairudi kwa kuvutwa, na kukanda goti lililoumia sasa hivi huzidisha uvimbe. Yafaa mtu apumzike, goti lifungwe bandeji isiyobana mno, mguu uinuliwe juu ya mto, na barafu ikipatikana ifungwe katika nguo na kuwekwa kwa dakika 15 au 20, kisha iondolewe. Asiyeweza kukanyaga apelekwe hospitali. Vidole vya mguu vikiwa baridi au vimekufa ganzi, apelekwe saa ile ile, maana huenda mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti umeumia, na mguu wenyewe waweza kupotea.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Basi aambiwaye kwamba mfupa haukuvunjika asidhani habari imekwisha. Daktari hulikunja goti kidogo na kuuvuta muundi mbele taratibu, akilinganisha na mguu mzima.

Kano ya ubavu wa ndani kwa kawaida huunga yenyewe kwa majuma kadhaa ikitunzwa. Ile ya mbele ikikatika kabisa, mara nyingi haiungi. Tena ni yenye hila: maumivu hupoa, mtu akarudi uwanjani, goti likamponyoka agekukapo, na kila liponyokapo huweza kuchana gegedu zilizo kati ya mifupa.

Brian Clough, mfungaji mashuhuri wa Sunderland huko Uingereza, aligongana na kipa tarehe 26 Desemba 1962, kano zake zikakatika. Alikuwa na miaka 27. Alirudi kwa michezo michache tu mwaka 1964, kisha akaacha. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia kano ya mbele Oktoba 2020, na Agosti 2021 alikuwa akicheza ligi tena. Siku hizi daktari huchukua ukano mwingine wa mgonjwa mwenyewe, kama wa nyuma ya paja, akauweka badala ya uliokatika.

Si kila mtu ahitaji kupasuliwa. Ambaye kazi yake haimlazimishi kugeuka kwa ghafula aweza kutosheka na mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja, yafanywayo kila siku kwa miezi mingi. Aliyepasuliwa naye hana budi kuyafanya, wala asirudi mchezoni kabla ya miezi 9, hata goti likiwa haliumi.