Lugha ya Mjadala na Lugha ya Sheria: Kiswahili katika Bunge la Kenya, 1974–1979

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika vikao vya Bunge la Kenya tangu agizo la Julai 1974 hadi marekebisho ya Katiba ya 1979. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kilikabidhiwa mjadala lakini hakikukabidhiwa maandishi ya sheria, na kwamba mgawanyo huo ulipunguza matokeo ya agizo lenyewe kuliko upungufu wowote wa lugha au wa wasemaji wake.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu sera ya lugha Afrika Mashariki, Bunge la Kenya hutajwa mara kwa mara kama mfano wa jaribio lililoshindwa. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wabunge wengi hawakukimudu Kiswahili rasmi, au kwamba Kiswahili chenyewe hakikuwa na istilahi za kutosha. Maelezo hayo yana ukweli kwa kiasi fulani, lakini yanaruka swali la msingi: kazi ya bunge ni ipi, na ni sehemu ipi ya kazi hiyo iliyokabidhiwa Kiswahili?

Bunge lolote hufanya mambo mawili yanayotegemeana. Kwanza hujadili, yaani huuliza maswali, huihoji Serikali na kueleza matakwa ya wapigakura. Pili hutunga, yaani hutoa maandishi ambayo hakimu, askari na mtoza kodi huyafuata neno kwa neno. Lugha inayotawala kazi ya kwanza pasipo ya pili huwa na heshima, lakini mamlaka yake ni haba. Hali ya Kenya kati ya 1974 na 1979 inatoa mfano wa wazi wa jambo hili.

2.0 Kutoka Agizo hadi Katiba

Katiba ya uhuru ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya Bunge na kumtaka mgombea awe na uwezo wa kukizungumza na kukisoma kiasi cha kushiriki kikamilifu katika shughuli zake. Mwaka 1970 uongozi wa chama cha KANU ulikubali mpango wa kukiimarisha Kiswahili hatua kwa hatua. Hata hivyo, mabadiliko Bungeni hayakuja kwa hatua. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba tangu wakati huo Kiswahili ndicho kitakachotumiwa katika Bunge. Tangazo hilo lilitangulia sheria, na Katiba ikarekebishwa baadaye ili ilingane nalo.

Wakati wa mabadiliko haya ulikuwa mgumu. Uchaguzi mkuu ulifanyika Oktoba 1974. Bunge jipya, lenye wabunge 158 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa, lilifunguliwa Novemba na kuahirishwa papo hapo hadi mwaka uliofuata. Kwa hiyo mwaka 1975 ndio uliokuwa wa kwanza kwa Bunge hilo kufanya kazi kwa mfululizo chini ya utaratibu mpya. Mwaka huohuo Katiba ilirekebishwa tena, na marekebisho hayo ndiyo yaliyoweka mpaka: miswada na sheria zingeandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka 1979, Daniel arap Moi akiwa Rais, Kiingereza kilirejeshwa kando ya Kiswahili. Shughuli za Bunge sasa zingeweza kuendeshwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, au kwa zote mbili, na mgombea akatakiwa kuzimudu zote. Katika kifungu cha 53 cha Katiba, jinsi kilivyosomeka hadi 2010, mpaka ule ulibaki palepale: miswada pamoja na maelezo yake, sheria zilizopitishwa, kanuni ndogo, maazimio ya fedha na mapendekezo yote ya kuyarekebisha maandishi hayo sharti yawe kwa Kiingereza. Aidha, yanapojadiliwa, maneno yake yanukuliwe kwa Kiingereza kila inapohitajika.

3.0 Safari ya Mswada

Athari ya masharti hayo huonekana vizuri mswada unapofuatwa hatua kwa hatua. Mswada huchapishwa katika Gazeti rasmi la Serikali. Hatua hiyo ni ya Kiingereza. Husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina tu. Katika kusomwa mara ya pili wabunge hujadili misingi yake. Hapa ndipo Kiswahili kilipopata nafasi pana, kwa kuwa mbunge aliweza kusifu au kushutumu nia ya mswada bila kushughulika sana na maneno yake.

Hatua inayofuata ni Kamati ya Bunge zima, ambapo mswada hupitiwa kifungu kwa kifungu. Hapa mambo hubadilika. Anayetaka neno moja liondolewe na jingine liwekwe hana budi kuleta pendekezo lililoandikwa, na pendekezo hilo ni sehemu ya maandishi yaliyohifadhiwa kwa Kiingereza. Mbunge aliyekuwa hodari wa kuzungumza Kiswahili lakini mzito wa kusoma Kiingereza cha kisheria angeweza kukosoa mswada mzima katika hatua ya pili, kisha akakosa njia ya kubadili hata kifungu kimoja katika hatua ya kamati. Uwezo wa kurekebisha ulibaki kwa Mwanasheria Mkuu, waandishi wa sheria wa Serikali na wabunge wachache waliosomea fani hiyo.

Mambo mazito nje ya miswada nayo yalitegemea maandishi ya Kiingereza. Mfano mmojawapo ni ripoti ya kamati teule iliyochunguza kuuawa kwa J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Machi 1975. Ripoti hiyo, iliyopokewa na Bunge mwezi Juni kwa kura 62 dhidi ya 59, iliandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi asiyekijua Kiingereza aliweza kusimuliwa habari zake. Kuusoma ushahidi wenyewe hakuweza.

4.0 Je, Kiswahili Kilikosa Uwezo?

Hoja ya upungufu wa lugha yafaa kupimwa kwa sarufi ya kifungu cha sheria. Tazama sentensi hizi:

(1) Waziri atateua mwenyekiti.
(2) Waziri sharti ateue mwenyekiti.
(3) Waziri aweza kuteua mwenyekiti.

Sentensi (2) ni wajibu bila shaka, na (3) ni hiari inayotolewa na sheria. Sentensi (1) ndiyo yenye utata, kwa kuwa kiambishi -ta- chaweza kueleza wakati ujao au amri. Lakini utata huu si wa Kiswahili peke yake. Kitenzi kisaidizi ambacho sheria za Kiingereza hukitumia kueleza wajibu kina historia ileile ya kubeba wakati ujao na amri, na maana yake ilithibitishwa na mazoea ya waandishi na mahakama. Katiba ya Tanzania ya 1977, iliyoandikwa kwa Kiswahili, hutumia -ta- katika vifungu vinavyoanzisha vyombo vya dola, na hakuna anayevisoma kama utabiri.

Upo pia upande ambao Kiswahili kina nguvu zaidi:

(4) Waziri akipokea ombi la kampuni, atalichunguza.
(5) Waziri akipokea ombi la shirika, atalichunguza.

Katika (4) kiambishi -li- chaweza kurejelea ombi tu. Kama ni kampuni inayochunguzwa, mwandishi angesema ataichunguza. Katika Kiingereza kiwakilishi kimoja kingetumika kwa yote mawili. Hata hivyo, katika (5) ombi na shirika ni za ngeli moja, na mwandishi mwangalifu hana budi kurudia nomino. Ujuzi wa aina hii haupatikani kwa agizo wala katika kamusi. Huzaliwa pale watu wanapoandika sheria mwaka baada ya mwaka na mahakama inapoyapima maandishi yao. Kwa kuwa Kiswahili kilitengwa na uandishi huo, utaalamu ambao kilidaiwa kuukosa hakikupewa fursa ya kuujenga.

5.0 Baada ya 1979

Tanzania nayo ilikuwa na mgawanyo wa namna hiyo kwa miaka mingi: Bunge lilijadili kwa Kiswahili huku miswada kwa kawaida ikiandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ya tafsiri ya sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kuhusu maandishi, matoleo ya sheria katika lugha mbalimbali yakipingana, toleo lililotiwa saini na Rais ndilo linaloshinda. Kuhusu Katiba yenyewe, toleo la Kiingereza ndilo linaloshinda. Sharti la 1975 limeondoka, lakini swali la maandishi yapi yanayofunga limebaki.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jaribio la 1974 halikupata nafasi ya kupimwa kikamilifu. Kiswahili kiliwekwa mahali ambapo maneno husikika, kikazuiwa mahali ambapo maneno hugeuka kuwa wajibu wa raia. Matokeo yake yalikuwa wabunge walioweza kusema kwa lugha ya wapigakura wao, na sheria ambazo wapigakura haohao hawakuweza kuzisoma. Hansadi za 1975 hadi 1979 zinastahili kuchunguzwa kwa makini, hasa mijadala ya hatua ya kamati, ili ibainike ni nani waliopendekeza marekebisho na kwa lugha gani waliyatetea. Uchunguzi huo utawafaa pia waandishi wa sheria wa leo, ambao sasa hawazuiwi na Katiba kuandika mswada wa kwanza kwa Kiswahili.